ULIZA FUNDI: Fishi ya ekuteri imekatikia ndani ya mashine

Mwezi huu barua karibu zote zinaulizia kitu kimoja, fishi (ile chuma ya kuchomeka) ya ekuteri (spika ndogo za masikioni) kukatikia ndani ya mashine, sijui ni msimu wa TFC (kazi za kuandika za kumaliza masomo) ao ni ekuteri za soko zimekuwa mbaya zaidi. Nimechagua tano. Ya kwanza najibu kwa urefu ju mwenye kuiandika ameeleza vizuri, zingine zinamfuata.

Jambo Mukubwa Fundi. Miye ni mama wa sekretaria hapa Katindo, Goma, naandikiaka wanafunzi TFC zao na pia mahojiano, mtu anakuja na sauti kwenye telefoni anataka nimuandikie neno kwa neno, njo kazi inanilisha. Juma iliyopita nilikuwa nasikiliza sauti moja ndefu, kliya (mteja) akaniita pale mlangoni, nikasimama mbio, nikasahau kama ekuteri iko masikioni, uzi ukajifunga kwenye mkono wa kiti, laptopu ikavutwa pembeni, nikaidaka kabla haijaanguka lakini fishi ikakatika. Nusu iko mkononi, nusu imebaki ndani ya tundu. Tangu siku ile spika za mashine zimekufa, hata kelele ya kuwaka hakuna. Mdogo wangu alijaribu kuitoa na sindano, nikaona inazidi kuingia nikamnyang'anya. Jirani anasema niweke supagluu kwenye kijiti cha kiberiti. Fundi mmoja ananiomba dola 40, anasema ni paka kubadilisha bodi. Nifanye nini, na hiyo dola 40 ni ya kweli?

Jambo Mama, na pole sana. Nianze na ile inakutisha zaidi: spika hazijakufa. Ndani ya tundu ya ekuteri kuko vibati vyembamba vya springi, na kimoja kazi yake ni kuhisi tu kama fishi imeingia. Fishi ikikisukuma, mashine inajua mtu amevaa ekuteri, inafunga spika, inapeleka sauti yote kule. Kwako ile nusu bado inasukuma, basi mashine inaamini mpaka leo kama umevaa ekuteri, inaongea na chuma ambayo haina masikio. Siku kipande itatoka, mara mingi spika zinarudi zenyewe. Nakwambia hivi ju nimeshapokea mashine ambayo watu wamebadilisha spika zote mbili kwa sababu ya hii shida, wakalipa, na kipande bado ilikuwa mle ndani imetulia.

Na ulifanya vizuri kunyang'anya ile sindano. Kipande yenyewe haiumizi mashine, inaweza kukaa pale mwezi, inaweza kukaa mwaka, haiozi, haiunguzi kitu. Chenye kuharibu tundu ni mikono ya watu wa nyumba, kila mtu anakuja na wazo lake na kila wazo linaisukuma nusu milimita ndani. Kwa hiyo kuanzia leo mtu asiiguse mpaka ujue kitu gani imebaki mle.

Kujua ni rahisi, chukua ile nusu iko mkononi ukae nayo karibu na dirisha. Fishi ya kawaida ni milimita 3.5 ya unene, na chuma yake ni kama milimita 14 ya urefu, imegawanywa na pete za plastiki: pete 2 kama ekuteri haina mikro, pete 3 kama iko na mikro kama zile za telefoni. Watu wanafikiri ni chuma moja nzima kama msumari. Hapana. Ni tubomba tudogo tumevikwa moja baada ya ingine juu ya kajiti kembamba ka chuma ka katikati, na plastiki inazitenganisha. Kale kajiti peke yake njo kanashikilia ncha ya mbele. Ukiivuta fishi sawasawa haina shida, lakini ukiipinda pembeni, kama vile kiti kilikufanyia, kajiti kanakatika pale kwenye pete.

Sasa hesabu. Kama mkononi umebaki tu na plastiki ya kushikia na nyuzi zinaning'inia, maana chuma yote iko ndani, na usilie, hiyo ni bahati: iko ndefu, mwisho wake uko karibu na mlango, na katikati yake kuko nafasi ya kushika. Kama mkononi uko na chuma karibu yote na inakosa tu ile ncha yenye kiuno, basi ndani kuko ncha peke yake, fupi kuliko punje ya mchele, na iko kule mwisho kabisa. Hiyo njo ngumu.

Hicho kiuno nacho kina maneno yake. Unajua ile "tak" unasikiaka ukichomeka ekuteri? Ni springi ya ndani inaingia kwenye kiuno ili fishi isichomoke ovyo. Sasa ndiyo hiyo hiyo inashikilia kipande yako. Njo maana haitoki kwa kutikisa mashine, haitoki kwa kupuliza, haitoki kwa sumaku pia, ju fishi nyingi ndani ni shaba ya njano imepakwa rangi juu, na sumaku haina habari na shaba. Inatoka kwa kitu kimoja tu: kuishika, na kuivuta sawasawa bila kupinda.

Basi zima mashine kabisa, siyo kuifunga kifuniko tu, toa shaja, na kama batri ni ile ya kutoka itoe. Washa taa ya telefoni uangalie ndani ya tundu. Ukiona duara la chuma na katikati yake plastiki ao shimo, ni ile ndefu. Ukiona kule mbali kadoa kamoja ka chuma kanang'aa, ni ncha.

Kwa ile ndefu mimi natumiaka visi (skrubu). Visi ndogo sana ya kufungia mbao, yenye ncha kali, nyembamba kuliko milimita 2, unaiingiza pale katikati unaizungusha na vidole bila kusukuma, ni kuzungusha tu, mizunguko miwili mitatu mpaka usikie imeng'ata plastiki, halafu unaishika na koleo ndogo unavuta sawasawa kuja kwako. Ikiteleza usikasirike, rudia. Wengine wanapasha ncha ya sindano moto, wanaichoma kwenye plastiki, wanangoja ipoe ishikane, wanavuta, na hiyo pia inatoka vizuri kama mkono hautetemeki, ju kuta za tundu nazo ni plastiki na sindano ya moto haiulizi hii ni ya nani.

Kwa ncha peke yake anza na biki. Ndiyo, biki ya kuandika. Toa ule mrija wa wino wa ndani, kata kipande kwenye upande hauna wino, mwisho wake uwe umekatwa sawa. Jaribu kwanza kama unaingia kwenye tundu bila kubana. Halafu upashe mwisho karibu na moto wa kiberiti, siyo ndani ya moto, ulainike tu usiyeyuke, uingize polepole mpaka uguse kipande, na sasa ushikilie pale bila kutikisa. Hesabu mpaka sitini. Plastiki ikipoa inakuwa imekumbatia kile kisiki cha kajiti kilichokatika, unavuta. Haikubali kila mara, mimi kwangu inakubali mara ya tatu ao ya ine, na kuna fishi zimekatika laini kabisa bila kisiki, hizo hazikubali hata ufanye nini.

Hapo njo tunafika kwa kole (gundi), na jirani yako hajasema uongo, kole inatoa. Lakini siyo supagluu, na siyo kwa kijiti cha kiberiti vile kilivyo. Acha nikusimulie aibu yangu.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilikuwa na meza moja ndogo Birere, hapa Goma, chini ya veranda ya mtu, na nilikuwa najiona fundi kweli. Akaja mzee mmoja na laptopu mpya kabisa, bado iko na ile plastiki ya kulinda juu ya kifuniko, amekatikiwa ncha. Nikamwambia mzee, kaa, ni dakika tano. Nikachukua kijiti, nikadondosha supagluu, tone kubwa, nikaingiza kutoka juu, tundu inaangalia mbinguni kama kinywa cha ndege mtoto. Supagluu si maziwa, haikai pale umeiweka, iko nyepesi, inakimbilia kila nafasi nyembamba, na inakauka kwa unyevu wa hewa tu, na hewa yetu ya karibu na ziwa unaijua. Ile tone ikashuka pembeni ya ncha, ikaingia kati ya vibati, ikashikanisha ncha, vibati, kuta, na kijiti changu juu. Nikavuta, kijiti kikakatika. Sasa ndani kuko ncha na juu yake kuko mbao. Mzee ananiangalia hasemi kitu, na mimi jasho inatoka mpaka kwenye miguu. Nikafungua mashine usiku ule, nikatoa tundu nzima, nikatafuta ingine juma mbili, nikailipa kutoka mfuko wangu na mzee sikumuomba hata franga moja. Na usiniambie ningeweka asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha. Asetoni inayeyusha supagluu kweli, lakini inayeyusha na plastiki ya mashine pamoja.

Kwa hiyo kole tunatumia ile ya moto, ya vijiti, inayotoka kwenye kabunduki ka umeme, mafundi wa mapambo ya harusi wote wako nayo. Tafuta kijiti chembamba kilichonyooka, hata mrija wa biki, upake tone dogo kwenye ncha tu, pembeni kusiwe kitu. Halafu, na hii njo siri yote, geuza mashine tundu iangalie CHINI. Mtu mwingine aishikilie ukingoni mwa meza, wewe unaingiza kijiti kutokea chini kwenda juu. Ivo kole ikitaka kutiririka inarudi kwenye kijiti chako, haiingii ndani. Iguse kipande, ngoja dakika chache ipoe kabisa, vuta sawasawa. Na kama umekosea ikashika ukuta, hakuna msiba, alkoli safi ya famasi inaiachisha bila kuumiza plastiki. Supagluu haikupi hiyo nafasi ya pili.

Mbele ya kufanya haya yote kwenye mashine yako, tafuta ekuteri ingine mbovu na karedio kabovu kenye tundu, vunja fishi mle kwa makusudi, ujizoeze pale. Utaharibu mbili tatu, ni sawa, ndiyo masomo.

Sasa dola 40. Mwenzangu siwezi kumuita mwizi bila kuona mashine, ju inategemea. Kuko laptopu nyingi ambazo tundu ya ekuteri haiko kwenye bodi kubwa, iko kwenye kabodi kadogo ka pembeni pamoja na tundu ya USB, kameunganishwa na utepe mwembamba, na hako kabodi kanabadilishwa kwa visi mbili tatu, hakuna kuchoma risasi (ile chuma laini inayeyushwa kwa kuunganisha). Kuko zingine tundu imechomelewa kwenye bodi kubwa yenyewe, pale kazi ni ya hewa ya moto na mkono wa mtu anajua, na bei inapanda kwa haki. Lakini muulize hivi: umefungua ukaona ni ya namna gani? Kama hajafungua, dola 40 ameitoa hewani. Na muambie unataka bei mbili tofauti, moja ya kutoa kipande, ingine ya kubadilisha, na ile ya pili ulipe tu kama ya kwanza imeshindwa. Tena mashine ikishafunguliwa, ya kwanza mara mingi inakuwa rahisi, ju tundu zingine ziko wazi kwa nyuma, unasukuma kipande na sindano kutoka ndani kuja nje, inadondoka mezani yenyewe. Nimeshafanya ivo muda ambao kliya alikuwa anamaliza soda yake. Tu wahakikishe batri ya ndani imechomolewa kwanza.

Na kazi yako isisimame kwa ajili hii. Nunua kadi ya sauti ya USB, ni kitu kama kidole, iko na tundu ya ekuteri na ya mikro, inauzwa dola chache. Unaichomeka kwenye USB, mashine inaiona kama kitu kipya kabisa, haiulizi habari za ile tundu imeziba. Utaandika mahojiano yako leo jioni. Niko na makliya watatu wamefanya ivo "kwa muda" na hii ni miaka inapita, kipande bado iko mle, hawana hata kumbukumbu nayo.

Fundi salama? Niko mwanafunzi, Bukavu, Kadutu. Mimi kipande nimetoa mwenyewe na kole ya moto, asante kwa Mungu, lakini mashine inaendelea kuonyesha alama ya ekuteri na spika hazitoe kitu. Natumia Ubuntu, siyo Windows. Nimeharibu nini?

Mdogo wangu, labda hujaharibu. Kile kibati cha kuhisi kilikaa siku mingi kimesukumwa, wakati mwingine kinasahau kurudi. Chukua ekuteri nzima, ingiza utoe, ingiza utoe, mara kumi, kumi na tano, bila nguvu. Ukimaliza angalia tena na taa kama hakuna uzi wa kole umebaki mle, ju hata uzi mwembamba unatosha kukizuia, na vumbi pia.

Ikikataa, Ubuntu iko na kamlango ka pembeni. Fungua terminal, ile dirisha ya kuandikia amri, andika alsamixer, bonyeza F6 uchague kadi ya sauti ya mashine, tembea na mishale kwenda kuume mpaka uone Auto-Mute Mode, uiweke Disabled. Pale unaambia mashine isifunge spika hata kama inahisi ekuteri. Halafu angalia kama Speaker haina MM chini yake, kama iko nayo bonyeza herufi M kwenye kibodi itoke. Mashine zingine hazina huo mstari wa Auto-Mute, basi kuko programu inaitwa hdajackretask, iko ndani ya paketi ya alsa-tools-gui, yenyewe inakuacha ubadilishe kazi ya kila tundu, lakini andika kwenye karatasi vile ilikuwa mbele ya kugusa. Wenzako wa Windows, nyie tafuteni kwenye programu ya sauti ya Realtek kama iko na sehemu ya kuzima kuhisi fishi, wengine wako nayo, kwa laptopu mingi haiko. Bluetooth inafanya kazi kwa wote.

Jambo mukubwa. Miye niko ku Katuba, Lubumbashi, natengenezaka maradio na matelefoni hii miaka yote. Ile mwezi ulipita ulikatazaka batu kusude (kuchoma risasi), eti isitiwe feri, kile chuma cha moto cha kuyeyushia risasi, mu tundu. Sie huku tunasudeaka tu, tunatia kauzi kadogo ka shaba na risasi ku kale kachuma kenye kubakia, tunavuta, inatoka. Juu ya nini unatishaka batu?

Muzee wa Katuba, salamu nyingi kwa watu wa L'shi. Kwanza nikiri: kwenye radio unasema kweli. Radio za zamani tundu zake zilikuwa na chuma mingi, pana, unaweza kuingiza feri na nafasi inabaki. Fishi yenyewe ni ya zamani zaidi kuliko radio, babu yake ni ile nene ya milimita 6.35 ya masentrali ya simu, wakati wamama walikuwa wanaunganisha watu kwa mkono, na ndogo hii ilizoeleka na radio za transista, halafu na Walkman ya Sony ya 1979.

Lakini laptopu ya leo, muzee, ile tundu ni plastiki nyembamba na vibati ndani yake vyembamba zaidi. Risasi inataka moto wa juu ya digrii 180 ndipo iyeyuke, feri yenyewe tunaiweka mia tatu na kitu, na shaba inapitisha moto mbio sana, kwa hiyo mbele risasi haijashika vizuri kwenye ncha, ncha nzima imeshakuwa feri, inachoma plastiki inayoizunguka kutoka ndani. Kipande inatoka, sikatai. Inatoka na nyama yake. Wewe uko na mkono wa miaka mingi, unajua kugusa sekunde moja na kuondoa. Mwenye kusoma hii nyumbani na feri ya mkopo hana huo mkono, njo yeye ninamkataza. Wewe endelea, lakini siku moja jaribu visi kwenye ile ndefu uniandikie.

Fundi, mashine yangu ni MacBook ya zamani, niko Himbi. Fishi haijakatika, nilisafisha tu tundu na kijiti cha meno ju ilijaa vumbi nyeusi, sasa mle ndani kunatoka mwanga mwekundu haukatike na sauti hakuna. Ni moto? Nizime?

Si moto, usikimbie. MacBook za zamani zilikuwa na tundu moja ya kazi mbili: sauti ya kawaida, na sauti ya mwanga kwa waya wa optiki. Ule mwekundu njo sauti yenyewe, inatoka kwa mwanga. Kijiti chako kimegusa swichi ndogo mle, mashine inafikiri umechomeka waya wa optiki. Ingiza ekuteri utoe, mara kadhaa, ukiizungusha kidogo kila mara, mara mingi mwanga unazimika palepale. Kama hauzimiki angalia ncha ya kijiti chako, isiwe imekatikia ndani, ju hapo tunarudi kwa barua ya Mama wa Katindo.

Na vumbi yetu hii ya lava usiichokoe. Ni mawe madogo makali, ukiyasukuma na kijiti yanakwangua. Geuza tundu chini, puliza na kale kapira ka kusafishia masikio ya watoto, kakiwa kakavu kabisa, yadondoke yenyewe. Usipulize na mdomo, mdomo uko na mate.

Fundi, mwaka huu tu fishi tatu zimenikatikia, mbili kwenye telefoni moja kwenye laptopu, zote mpya. Mimi ni wa moto (pikipiki), nabeba watu Majengo mpaka mjini, nasikiliza muziki njiani. Ni mikono yangu ama ni biashara wanatuuzia takataka?

Yote mawili, ndugu yangu, lakini wewe zaidi. Telefoni iko mfukoni, fishi imesimama wima juu ya telefoni, kila ukiinama kwa kona ao ukirukaruka kwenye mawe, paja lako linasukuma ile fishi pembeni. Kumbuka kale kajiti ka katikati. Hakavunjiki siku moja, kanachoka, siku ya mwisho unagusa tu kanakatika, na wewe unasema "imekatika bila sababu".

Tafuta ekuteri yenye fishi ya kona, ile imepindwa kama herufi L, uzi unalala juu ya telefoni hausimami. Ingiza telefoni mfukoni upande wa tundu ukiwa juu, uone. Kwa laptopu nunua kawaya kafupi ka kuongeza, upande mmoja fishi upande mwingine tundu, uache kawaya kwenye mashine siku zote, ekuteri uchomeke kwenye kawaya. Mtu akijikwaa kwenye uzi, vinaachana pale katikati, hewani, na mashine haisikii kitu. Mama wa Katindo angekuwa nako, kiti kingevuta uzi na stori ingeishia pale.

Na ukienda sokoni, mbele ya kulipa, shika ncha ya fishi kwa vidole viwili ujaribu kuizungusha. Ncha ikizunguka peke yake hata kidogo, irudishe kwenye meza, hata kama muuzaji anakuapia kwa mama yake ni orijino. Ile ya juzi iliyokatikia kwenye laptopu, kama bado uko na nusu yake, ingiza kwenye bahasha uniletee pale Birere pamoja na mashine, tuhesabu pete.